Tamthilia Kuu na Lugha Yake Ngumu: Mazingatio Kutoka Ujiji

Ni jambo la kawaida kusikia, shuleni na nje ya shule, kwamba tamthilia kuu za dunia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zina lugha ngumu mno. Wasemao hivyo ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza huwalaumu watafsiri: husema kuwa wangalitumia lugha nyepesi, watu wangalisoma. Kundi la pili huwahurumia wasomaji: husema kuwa Kiswahili cha namna ile ni cha watu wa pwani, na kwamba mtu wa bara, aliyekulia katika Kiha, Kisukuma au Kihehe, atakisoma kwa ajili ya mtihani tu, wala hatakipenda. Kauli hii ya pili ndiyo nzito zaidi. Ikikubaliwa, sehemu kubwa ya taifa itakuwa imenyimwa Kiswahili cha juu kabisa kwa kisingizio cha kuhurumiwa.

Katika makala haya twakusudia kuzipima kauli hizo mbili kwa historia ya mahali pamoja, yaani Ujiji na Kigoma katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Tumepachagua mahali hapo kwa makusudi. Ujiji uko mbali na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Lugha ya asili ya nchi inayouzunguka ni Kiha. Na hata hivyo mji huo umekuwa mji wa Kiswahili tangu karne ya 19. Ikiwa ni kweli kwamba mtu wa bara hawezi kukipenda Kiswahili kigumu, basi Ujiji ungekuwa wa kwanza kutuonyesha hivyo.

Kiswahili kilivyofika ziwani

Kiswahili kilifika Ujiji kwa miguu. Kilifuata njia ya misafara iliyoanza pwani, ikapita Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, ikaishia ziwani. Waliokileta walikuwa Waarabu, Waswahili wa Mrima na wapagazi wa Kinyamwezi; na baadaye wakajiunga nao Wamanyema wa ng'ambo ya ziwa, ambao wengi wao walivushwa wakiwa watumwa. Hapana aliyefunzwa darasani. Watu walikisikia kwanza sokoni, bandarini na barazani, wakakisema kabla ya kukijua chote, na watoto wao wakazaliwa nacho.

Pamoja na lugha ya soko vilikuja vyombo vya pwani. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, jahazi lilikuwa limekwisha kujulikana ziwani. Mwezi Machi Speke alivuka kwa mtumbwi kwenda kulitafuta jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, akarudi bila kulipata. Penye jahazi pana tanga, mlingoti, usukani na nahodha. Maneno ya bahari yakapata makao katika maji yasiyo na chumvi. Jambo hili tutalirudia.

Ni katika safari hiyohiyo ya 1857 hadi 1859 kwamba tamthilia za Shakespeare zilisafiri katika nchi hizi. Burton ameandika kuwa yeye na mwenzake walisoma pamoja, tena na tena, vitabu vichache walivyokuwa navyo, na kimojawapo kilikuwa cha Shakespeare. Lakini kwa wenyeji kitabu hicho kilikuwa kimefungwa. Kilisomwa na wageni wawili wagonjwa, katika lugha isiyojulikana na mtu mwingine msafarani. Hata Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani wao, alizungumza nao kwa Kihindustani.

Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 1876, Henry Stanley alipita Ujiji akielekea Kongo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1878 alisimulia kwamba mwaka 1877, mahali paitwapo Mowa kwenye mto Kongo, wenyeji waliyaogopa maandishi yake wakataka yachomwe moto. Yeye, ili kulinusuru daftari lake la safari, aliwatolea kitabu chake cha Shakespeare, kikateketezwa badala yake. Kwa wale waliokitazama kikiungua, Shakespeare alikuwa karatasi yenye alama. Maneno yake hayakuwa yamefika kwao hata kidogo.

Njia mbili za kuukabili ugumu

Wakati huo njia ya kwanza ya kuwafikishia Waswahili visa vya Shakespeare ilikuwa imekwisha kujaribiwa huko Unguja. Mwaka 1867 mmisionari Edward Steere alichapisha Hadithi za Kiingereza, akitumia kitabu ambacho Charles na Mary Lamb walikuwa wamekitunga mwaka 1807 kwa ajili ya watoto wa Kiingereza. Lamb na dada yake waliyageuza mazungumzo ya jukwaani kuwa masimulizi ya nathari, naye Steere akayaleta masimulizi hayo katika Kiswahili cha Unguja. Kazi hiyo ilikuwa na faida yake, nasi hatuidharau. Lakini yafaa tuone kilichoachwa. Msomaji wa hadithi huambiwa mambo yaliyotukia. Hasikii jinsi watu walivyobishana, walivyobembelezana na walivyodanganyana kwa maneno. Ugumu uliondolewa, na tamthilia ikaondoka nao.

Njia ya pili ilingoja karibu miaka mia moja. Mwaka 1963 Julius Nyerere, wakati huo Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri kamili ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo 1969 ikatoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968, Tufani mwaka 1969, na mwaka 1971 Mfalme Edipode, tamthilia ya Sofokile Myunani. Hii ndiyo miaka ileile ambamo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya 1967. Watafsiri hao wawili hawakukwepa kitu. Walichukua usemi wote, pamoja na mafumbo yake, wakakitaka Kiswahili kiubebe. Mzigo huo ndio unaolalamikiwa.

Ugumu wa maneno

Tukiuchambua ugumu wenyewe twaona kuwa ni wa aina tatu. Wa kwanza ni wa maneno, nao tutautazama katika Mabepari wa Venisi.

Neno bepari lina asili ya Kihindi, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilishika maana nyingine: mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Jina la tamthilia hii lilipotoka mwaka 1969 lilizibeba maana zote mbili kwa pamoja, tena katika wingi, ilhali katika Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa ni mmoja. Msomaji anayejua maana mpya tu atadhani jina hilo ni hukumu. Anayejua ya zamani tu atadhani ni jina la kazi. Mwenye kuzijua zote mbili ndiye atakayeingia mchezoni na swali la kufaa: kati ya wale wanaokopeshana, wanaotafuta wake wenye mali na wanaosafirisha shehena, ni nani aliye bepari, na kwa maana ipi?

Sasa na tutazame kisa chenyewe kwa macho ya mtu wa Ujiji. Antonio, ambaye mali yake yote iko safarini, anataka kumsaidia rafiki. Hana fedha taslimu, anakopa kwa Shailoki, na dhamana ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Habari zaja kwamba vyombo vyake vimepotea. Biashara ya misafara iliyoujenga Ujiji ilikwenda kwa desturi hiyohiyo. Bidhaa zilitoka Unguja kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, na pembe za ndovu zilitarajiwa kurudi kulipia deni. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyeandika mwenyewe maisha yake kwa Kiswahili, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Msafara ukipotea, deni halikupotea. Mali kauli, rehani, hati, riba, dhamana, mdai na mdaiwa: haya ni maneno ambayo historia ya mji huu imeyajua kwa machungu, na ratili ndiyo iliyopimia pembe, takriban ratili 35 kwa frasila moja.

Hapa ndipo tunapoona hatari ya kulegeza lugha. Katika baraza la hukumu Porshia anamshinda mdai kwa maana ya maneno ya hati: hati imetaja nyama, haikutaja damu, imetaja ratili moja, haikutaja zaidi wala pungufu. Mhariri mwenye huruma akibadili ratili moja kuwa kipande cha nyama ili mwanafunzi asisumbuke, kesi yote yaanguka, kwa kuwa kipande hakina kipimo. Msomaji wa istilahi hahitaji kuambiwa zaidi: kutaja jambo kwa neno lake hasa ndiko kunakomwokoa Antonio na kisu.

Ugumu wa umbo

Ugumu wa pili ni wa umbo. Sikio la mpenzi wa ushairi wa Kiswahili limezoea mshororo wa mizani kumi na sita, wenye vina vya kati na vya mwisho. Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya tamthilia zake kwa mistari yenye mapigo lakini isiyo na vina, naye Nyerere akaufuata mkondo huo. Hakufanya hivyo kwa kushindwa na vina. Tenzi zake za Biblia zilizochapishwa mwaka 1996 ni ushahidi wa kutosha. Msomaji anayeutafuta mwisho wa mstari kwa kina hakioni, na sentensi yaweza kupita mistari mitatu kabla ya kutua. Anachoka, anasema lugha ni ngumu.

Lakini ugumu huu kwa kiasi kikubwa ni wa macho. Mistari hiyo imeandikwa ili isemwe, na pumzi ya msemaji huonyesha mahali pa kutua ambapo jicho halipaoni. Bara haikuwa ngeni katika jambo hili. Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, aliyaleta mashairi jukwaani kwa njia ya ngonjera, ambamo watu wawili au zaidi hujibizana kwa beti. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971. Ngonjera ina vina na tamthilia hizi hazina. Hata hivyo zote mbili hudai jambo moja, yaani mtu asimame mbele ya wenzake na kusema maneno mazito kwa sauti, naye ajibiwe. Aliyezoea ngonjera amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Ujiji una mazoea ya zamani kuliko hayo. Katika vyuo vya Kurani watoto huhifadhi maneno ya Kiarabu kwanza, tafsiri huja baadaye. Katika maulidi wazee kwa vijana huitikia maneno ambayo si wote wawezao kuyafasiri, nao huyapenda kwa moyo wote. Mapadre Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879, walikuja na ibada ya Kilatini, nayo iliendelea katika makanisa yao hadi mabadiliko ya miaka ya 1960. Hatusemi kwamba tamthilia ni ibada, wala kwamba kusikia bila kufahamu kwatosha. Mtu akiisikia hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari pasipo kuelewa jinsi sifa inavyogeuzwa kuwa shutuma, amesikia kelele tu. Twasema kwamba kupenda kwaweza kutangulia, na kufahamu kukafuata. Na watu wa ufuko huu wamelijua hilo kwa vizazi vingi.

Ugumu wa mambo ya ugenini

Ugumu wa tatu ni wa mambo yenyewe. Yasemwa kwamba Roma na Venisi ziko mbali mno na mvuvi wa dagaa. Umbali wa ramani hatuupingi. Lakini tazama Tufani inavyoanza: chombo kimo katika dhoruba, mabaharia wanapiga kelele, matanga yanashushwa, na wakubwa waliopanda wanaingilia kazi wasiyoijua mpaka wanaambiwa waondoke, kwa kuwa mawimbi hayajali cheo. Katika ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, ambalo wavuvi wake hutoka usiku wa giza na taa zao, tukio hilo halihitaji maelezo mengi. Mtoto wa Kigoma huenda akalifahamu upesi kuliko mwenzake wa mji mkuu asiyewahi kupanda chombo.

Mfano ulio mzito zaidi umo katika Mabepari wa Venisi. Shailoki, Myahudi anayetukanwa na kutemewa mate na wafanyabiashara haohao wanaomkopa, anapoombwa awe na huruma, anawakumbusha waheshimiwa wa Venisi kuwa wao wanao watumwa waliowanunua, wanawatumikisha kama punda na mbwa, wala hawako tayari kuwaachia huru kwa sababu ni mali yao. Kwa nini basi yeye aiache nyama aliyoinunua? Wenyewe hawamjibu hoja hiyo. Katika nchi nyingi maneno hayo husomwa kama ujanja wa mdai. Katika Ujiji, mji uliokuwa na soko la watumwa, ambamo wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wameishi jirani na kuoana, maneno hayo yana uzito ambao mtunzi mwenyewe hakuweza kuujua. Kumnyima msomaji wa huko lugha hiyo kwa madai kuwa ni ngumu ni kumnyima jambo linalomhusu yeye kuliko wengi.

Ugumu wa nyumbani

Tusidhani kwamba ugumu huu ni wa tafsiri peke yake. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, kisha Mashetani mwaka 1971, na mwaka 1988 Kwenye Ukingo wa Thim. Kinjeketile, inayohusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ilishika nafasi kubwa shuleni. Nyingine zimesifiwa na kuogopwa pia. Hakuna awezaye kusema kwamba mambo yake ni ya kigeni au kwamba mtunzi hakukijua Kiswahili. Katika Kinjeketile jambo linalosumbua ni neno: neno lililotolewa na mtu mmoja linakua mpaka linampita mwenye kulitoa, wala hawezi tena kulirudisha. Lugha yake ni nzito kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Kwa hiyo wanaodai kwamba ugumu ungekwisha iwapo tungeacha kutafsiri na kusoma ya kwetu tu, hawajayasoma ya kwetu.

Istilahi tunazohitaji

Baadhi ya ugumu, hata hivyo, waweza kupunguzwa kwa haki, nao ni ule unaotokana na istilahi. Kazi hizi zimeitwa michezo, michezo ya kuigiza na tamthilia. Neno mchezo lina ukaribu, lakini humfanya mtu asiyejua adhani ni mzaha. Tamthilia lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno mithali. Laonyesha kwamba kinachotendwa jukwaani ni mfano wa maisha, na kwa sababu hiyo twaona linafaa kushikiliwa. Migawanyo ya ndani nayo imeitwa sehemu na wengine, tendo na wengine. Uchaguzi wowote wafaa, mradi wachapishaji wawe na msimamo mmoja.

Neno tanzia lahitaji uangalifu zaidi. Kwa watu wengi ni habari ya kifo, na asikiaye kwamba Mfalme Edipode ni tanzia atangoja mfalme afe. Lakini Edipode hafi mwishoni mwa tamthilia hiyo. Anagundua yeye ni nani na amefanya nini, anajipofua macho, na anabaki hai. Istilahi ikiachwa bila ufafanuzi, msomaji ataona kuwa mtunzi amekosea; ikifafanuliwa, ataona kwamba msiba waweza kuwa katika kujua, na kwamba kifo kingalikuwa nafuu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, tafsiri hizi zikichapwa upya, maandishi yaachwe kama yalivyo, na faharasa ya maneno iwekwe mwishoni mwa kitabu, ikitoa maana ya zamani na ya sasa kwa kila neno lililobadilika, kama bepari. Pili, mwanafunzi asikie kabla ya kusoma: onyesho moja fupi lisemwe kwa sauti darasani, kwa kugawana sauti za wahusika, kabla ya kuuliza swali lolote la mtihani. Tatu, muhtasari usichukue nafasi ya kitabu. Muhtasari ni hadithi ya Steere iliyorudi miaka mia moja na zaidi baadaye, tena bila ya umahiri wake.

Historia ya Ujiji yatujibu kuhusu kauli zote mbili tulizoanza nazo. Watu wa ufuko ule hawakuomba Kiswahili kilegezwe walipokipokea. Walikipokea na maneno yake ya bahari, ya deni, ya dua na ya utumwa, mengine matamu na mengine machungu, wakayasema mpaka yakawa yao. Haifai kuwapa wajukuu wao Kiswahili pungufu kuliko kile ambacho babu zao walikipata kwa masikio tu.